Mwenye Nyumba Aliyechagua Kuwa Mwanaume

Mwenye nyumba wetu wa Mbugangari alikuwa mwanaume kwenye simu. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu wapangaji wengine hadi leo wanaamini mama yule alikuwa anasikiliza mahubiri. Alikaa mlangoni kwake kwenye kiti cha plastiki, waya za masikioni zimepotelea ndani ya kitambaa cha kichwa, miwani imeshuka puani, anatikisa kichwa polepole, na watu waliokuwa wanapita na madumu ya maji walipunguza sauti wasimkatize. Mahubiri gani. Alikuwa na ndevu na upanga mgongoni, na alikuwa anaamua kama amfungue mfungwa au amwache afie ndani.

Sasa hayupo tena hapa Gisenyi. Mwanawe amemchukua Kigali, na nyumba inaangaliwa na kijana asiyejua hata jina la mpangaji mmoja. Nimekaa na mama yule ua mmoja miaka yote ya mwanangu Keza, na bado sijui kama nilimpenda au nilimkasirikia tu. Vyote viwili, nadhani. Lakini nilitaka kumjua. Hilo halijawahi kuisha.

Nilimgundua kwa sababu ya maji. Bomba la upande wetu lilikuwa limekauka, na mimi nikiwa na hasira sibishi hodi. Niliingia nikiwa tayari na maneno yangu, nikamkuta amelala kwenye kochi, simu ameishika juu ya uso, na kwenye kioo yupo kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala. Chini ya kijana kulikuwa na visanduku vitatu vya maneno.

"Funga mlango," akasema, bila kuona aibu. Halafu akaniangalia vizuri. "Mama Keza, wewe si unasoma Kifaransa?"

Nasoma, ndiyo. Nilisomea Goma, ng'ambo ya mpaka, nikafanya mitihani ya mwisho ya sekondari tumbo likiwa mbele yangu kwenye dawati. Yeye alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kifaransa hakuwa nacho hata cha kuombea chumvi. Tatizo ni kwamba michezo mizuri ya hadithi, ile ambayo watu wanaongea na wewe kweli na unawajibu, haikuwa ya Kiswahili. Alikuwa anacheza kwa kubahatisha. Anabonyeza jibu, anatazama uso wa aliyejibiwa, anakisia alichosema. Alimaliza hadithi nzima hivyo na akaniambia kwa fahari kwamba ameoa mara mbili na kufungwa mara moja, na hajui kwa kosa gani.

Mimi ni msusi. Basi tukapatana bila hata kupatana: nakuja kwake jioni saluni ikifungwa, namsuka, yeye anashika simu usawa wa bega lake ili mimi nyuma niione, nasoma, namtafsiria. Vidole vyangu vinajua njia, havihitaji macho. Keza anachezea sakafuni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mgeni anayefika mji wa kando ya mto baada ya mafuriko. Watu wa pale wana siri zao, mkuu wa mji ana zake, na wewe unazunguka unaongea nao. Lakini kabla ya mto, kabla ya mafuriko, unaulizwa jambo moja: wewe ni mwanaume au mwanamke?

Kila mara alibonyeza mwanaume. Nikamuuliza.

"Mama, juu ya nini kila siku unakuwa mwanaume? Iko na nini kule?"

Nilidhani atasema upanga, au mabega. Akasema: "Nataka kusikia wanaambiwa nini."

Kisha akanieleza, kichwa kimeinama, mimi nagawa nywele. Ameishi na mume hadi mume akafa, mtu mzuri, asiyepiga wala asiyelewa. Mume alikuwa anatoka kwenda kwenye vikao: vya ukoo, vya kanisa, vya kiwanja, vya shule ya watoto. Anarudi, anavua viatu, anasema, tumeamua. Miaka yote yeye alipokea hilo neno moja. Hakuwahi kujua nini kilisemwa kabla yake, nani alianza, nani alimbembeleza nani, mumewe aliulizwa kwa sauti gani. "Mimi nilikuwa nakula wali uliokwisha iva," akasema. "Sasa nataka kuona wanavyoupika."

Hapo nilimpenda. Siku nyingine nilitaka kumvuta nywele.

Udadisi wake ulikuwa wa ajabu kwa mtu mzima. Sisi wengine tukicheza tunataka kushinda. Yeye alitaka kujua. Akichagua jibu na hadithi ikasonga, anarudisha nyuma, anachagua la pili, anatazama, anarudisha, la tatu. Akigundua kwamba majibu yote matatu yameishia chumba kilekile, anakasirika kama ameuziwa kilo pungufu. Aliyagawa majibu kwa majina yake mwenyewe. Kuna jibu la uso, alisema, na kuna jibu la mguu. La uso linabadilisha sura ya mtu tu: anatabasamu au ananuna, kisha anafanya alichokuwa amepanga kufanya. La mguu linamhamisha mtu. "Mengi ni ya uso," aliniambia. "Wanakupa matatu ili usione kuwa hawajakupa hata moja."

Siku moja nilimwambia tuanze upya, awe mwanamke, tulinganishe. Alisita kama mtu anayeombwa avue nguo. Halafu akakubali, na hapo ndipo nilipokutana na tatizo la Kiswahili.

Kifaransa kinakuona. Huwezi kujificha ndani yake. Hata kuchoka tu, mwanamke akichoka anaandikwa na herufi ya ziada mwishoni. Na Kifaransa kina "wewe" mbili, moja ya mtu wa kuheshimiwa na moja ya mtoto, rafiki, au mtu unayemshusha. Kiswahili hakina habari hiyo. Nimechoka ni nimechoka. Yeye ni yeye, na wewe ni wewe. Basi mimi nikawa natafsiri, natafsiri, jioni baada ya jioni, mpaka Mwenye Nyumba akasema kwa kuridhika kwamba kumbe waliotengeneza mchezo ni watu wa haki, maana mkuu wa mji anaongea na mgeni mwanamke sawasawa na alivyoongea na mgeni mwanaume.

Mikono yangu ikasimama. Kwa sababu mimi nilikuwa naona. Mwanaume alipoingia kwa mkuu wa mji, aliitwa kwa ile "wewe" ya heshima, akaulizwa ushauri wake kuhusu ukuta wa mto. Mwanamke alipoingia mlango uleule, mkuu wa mji yuleyule alimwita kwa "wewe" ya mtoto, akamuuliza kama amepata pa kulala. Yote hayo yalipita mdomoni mwangu yakatoka yamekuwa laini, wewe na wewe.

Nikamwambia. Akageuka kiti kizima, kitana kimening'inia kichwani.

"Kwa hiyo wakati wote huu ulikuwa unanificha?"

"Si mimi, Mama. Ni Kiswahili."

Alicheka, lakini hakufurahi. Alitufanya turudi mwanzo. Tukatunga sheria yetu: mahali penye "wewe" ya heshima niseme "mzee wangu," na mahali penye ile nyingine niseme "we katoto." Tukacheza hivyo, na ghafla mji wote ukabadilika. Mwokaji mikate, mganga, mwenye mtumbwi, kila mmoja akimwita katoto. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira, natukana waliotengeneza. Mwenye Nyumba hakutukana. Alikuwa ametulia, anasikiliza kama daktari. "Tena," alikuwa anasema. "Alivyomwambia kuhusu ukuta. Tena."

Na kulikuwa na jambo la kunyamaza. Baadhi ya maswali yalikuwa na mstari mwekundu unaopungua. Ukiisha bila kuchagua, umehesabiwa kuwa umenyamaza. Yeye ndiye aliyeona, si mimi. Mgeni mwanaume akinyamaza, wale wengine wanaanza kuongea haraka haraka, wanaongeza maelezo, wanamwogopa. Mgeni mwanamke akinyamaza, wanaendelea na mazungumzo yao. Alijaribu mara nyingi sana kuhakikisha. Kisha akaweka simu kifudifudi kwenye paja.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilitokana na mimi kukosea. Mgeni mwanamke alikuwa ameshakuwa karibu na mwokaji mikate, na likaja jibu moja kwenye kisanduku cha katikati. Kifaransa kina neno moja tu la kufunga ndoa, mwanaume analitumia na mwanamke analitumia. Mimi nikatafsiri bila kufikiri: "Ninataka kukuoa."

Akashusha simu. "Nani anasema?"

"We. Mugeni."

"Mimi si ni mwanamke sasa?"

"Njo we mwanamuke unamuambia."

Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kitenge. Mwanamke haoi, akaniambia, mwanamke anaolewa, wewe shule ulienda kufanya nini? Nikajitetea, nikamwambia kwa Kifaransa ni sawa kabisa, hakuna wa juu wala wa chini, wote wanaoa. Akaniambia nilisome tena. Nikasoma. Akalisema mwenyewe kwa sauti ndogo, nataka kukuoa, kama mtu anayeonja chakula cha watu wengine.

Ndipo aliponisimulia yake, mara moja tu. Alijua kwamba anaolewa kwa sababu shangazi yake alikuja kumpima urefu wa gauni. Hakuna aliyemwambia. "Baba alinioza," akasema. "Na neno hilohilo tunalitumia kwa ndizi zilizokaa sana." Kisha akabonyeza kisanduku cha katikati. Mwokaji mikate akakubali. Mwenye Nyumba hakurudisha nyuma kujaribu majibu mengine. Ilikuwa mara pekee nilipomwona akiliacha jibu lilivyo.

Sasa mtu asidhani alikuwa mtetezi wa wanawake. Hapana. Ua wetu ulikuwa na amri zake, na nyingi zilikuwa zinatubana sisi. Msichana akipiga mluzi, alimfinya. Bati likivuja, hakutaka mwanamke apande juu hata kama ana ngazi na misumari. Tulilala na ndoo kitandani tukisubiri mume wa mtu arudi kazini. Mwenyewe hakuweza kupaka rangi geti bila kumpigia simu mwanawe Kigali. Kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akija na tangazo, alimjibu "ndiyo, mheshimiwa" kabla hajamaliza sentensi. Jirani yangu wa chumba cha tatu alipopigwa na mumewe, Mwenye Nyumba alimpa chai, akamkanda kwa maji ya moto, akamwambia apunguze maneno.

Jioni ileile, kwenye simu, alichoma nyumba ya mkuu wa mji kwa sababu mkuu huyo alimpiga kofi mtumishi wake.

Nilimwambia usoni kwamba ni mnafiki. Mimi sijui kuzunguka. Akasema, bila kukasirika: "Yule mkuu wa mji hapangi chumba kwangu."

Niliondoka nimeacha nusu ya kichwa chake haijasukwa. Kesho yake nikarudi kumaliza, kwa sababu alikuwa anatembea hivyohivyo, nusu kichwa, na hakuona haya.

Halafu wakaja kwa ajili ya Keza.

Baba yake ni dereva wa malori. Aliondoka tumbo langu bado linafichika chini ya sweta, na hakutuma hata salamu. Sasa amerudi, amejenga kwao Busasamana, juu kule kwenye baridi karibu na volkano, na amekumbuka kwamba ana mtoto. Alikuja na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa familia, na mama yao, mkulima wa viazi, aliyekaa pembeni ya kochi na kapu lake magotini bila kusema kitu. Upande wangu alivuka mjomba kutoka Goma, maana mama yangu hayupo. Chumba changu hakitoshi watu hao. Tukakaa sebuleni kwa Mwenye Nyumba, na yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ua na amemwona mtoto akikua, akakaa nasi.

Kaka mkubwa aliongea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza, aliongea vizuri sana. Alisema hawakuja kwa nguvu. Alisema mimi ni mtu mzima, nina akili, nimesoma, na wao wananiachia nichague. Naweza kufunga ndoa na mdogo wake na kuhamia Busasamana. Au, kama sitaki ndoa, Keza aende akae na bibi yake asome kule, mimi nimwone likizo. Au, kama hilo ni gumu, aende kwa baba yake kwa muda tu, mpaka mimi nijipange.

"Choix ni yako, mudada," akasema. "Tatu. Hatukulazimishe."

Mimi nilihesabu milango. Kwenye ya kwanza Keza anapanda Busasamana. Kwenye ya pili Keza anapanda Busasamana. Kwenye ya tatu, vilevile. Nikamtazama Mwenye Nyumba, kwa sababu katika Gisenyi nzima hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuliona hilo haraka kuliko yeye. Na aliliona. Nilimjua uso. Vidole vyake vilikuwa vinasugua kitenge kama anavyosugua kioo cha simu.

Mjomba akamgeukia kwa heshima, akamwambia kwamba yeye ndiye anayemjua mtoto huyu kila siku, anasema nini?

Mwenye Nyumba akasema: "Mimi sina neno. Mtoto ni baraka ya wote."

Mjomba akaomba tupewe nafasi ya kufikiri. Wakakubali, wakasema shule zikifunga, Jumapili ya kwanza, watarudi kuchukua jibu. Walisema kuchukua jibu, lakini niliwaona wanavyomwangalia Keza akiruka kamba uani, na walikuwa wanapima kama ataenea kwenye pikipiki katikati ya watu wawili.

Nikaacha kumsuka. Sikumgombeza, sikumtukana, nilipita tu mbele ya mlango wake kama unapita kwenye ukuta wa mawe. Yeye aliuacha mlango nusu wazi kila jioni. Nilikuwa naona mwanga wa simu ndani. Sijui alikuwa anaelewa nini bila mimi. Kitambaa chake cha kichwa kilizidi kuvimba kwa nywele zisizosukwa, na jirani wa chumba cha tatu akaniambia nimhurumie mama wa watu. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki hapa.

Shule zikafunga. Jumamosi, siku moja kabla hawajarudi, saluni imejaa, Mwenye Nyumba akaingia. Hakuwa amewahi kuja saluni. Alisema pale watu wanasukwa kichwa na jina lao linafumuliwa. Mwenye saluni akamwinua mtu mwingine kitini. Akakaa mbele yangu, akavua kitambaa, nywele zake nyeupe zikasimama zote.

"Mama Keza, nisuke."

Nilichukua kitana. Sikupaka mafuta. Nilichana kutoka juu kama mtu anayelima, na yeye hakusema hata aa. Tuliangaliana kwenye kioo.

"Juu ya nini ulinyamaza?" nikamuuliza. Sikujali nani anasikia.

Angeweza kusema heshima, angeweza kusema ugeni. Akasema: "Niliogopa. Kwenye simu nikiharibu narudi nyuma. Pale nikisema neno baya, anayepoteza mtoto ni wewe, si mimi."

"Na ukinyamaza, nani anapoteza?"

"Wewe pia. Lakini hilo nililiona wameshaondoka."

Wanawake chini ya mashine za kukaushia walikuwa wamegeuza shingo. Mwenye Nyumba akainua kichwa kidogo. Akaniuliza, na aliuliza kweli, si kwa kunichoma: "Na wewe ulitaka niseme nini? Na mbona hukulisema?"

Miezi yote ya hasira, na sikuwa na sentensi moja. Nikajaribu. Nikasema, ungewaambia Keza anasoma muzuri hapa.

"Hilo la kuomba. Yule kaka atakwambia Busasamana kuna shule nzuri."

Nikasema, mi njo nilimulea peke yangu.

"Hilo la kulalamika. Atakupa pole, atamchukua."

Mwenye saluni akaingilia, hawezi kukaa nje ya maneno. "Umuambie hata mukate hakununuaka, huyo mwanaume. Umuambie mbele ya mama yake."

Saluni ikacheka. Mwenye Nyumba hakucheka. "Hilo la kutukana. Atafurahi. Atasema, mmeona, mtoto analelewa kwenye mdomo gani."

Wakaanza wote. Mteja wa rangi ya nywele akapendekeza sheria ya serikali, mwingine akapendekeza nilie. Mwenye Nyumba akayapokea moja moja, akayageuza, akayarudisha, na mimi nilikuwa nasuka sasa, bila kujua nilianza saa ngapi kupaka mafuta. Nilisema hili, nikasema lile. Mwisho nikachoka, nikalisema kama lilivyo, na sauti yangu ikatoka ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayetaja bei ya rasta.

"Keza haendi."

Akaniangalia kwenye kioo. "Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Basi ni hilo. Usiongeze kitu. Ukiwapa sababu, watakaa juu ya sababu waanze kuivunja, na wewe utakaa unaitetea sababu badala ya mtoto."

Nikamuuliza yeye atasema nini. Akasema atahakikisha anayejibu ni mimi.

Jumapili walikaa vilevile, kila mtu mahali pake, kana kwamba hawakuwahi kuinuka. Kaka mkubwa alimaliza salamu, akageuka, si kwangu, kwa mjomba. Akamuuliza, mjomba wetu, huyu dada yetu amechagua nini? Mjomba ni mtu mwema. Alikohoa, akajiweka sawa, akaanza kusema kwamba kama familia, wao wanaona kuwa...

"Mjomba, utanisamehe," akasema Mwenye Nyumba. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Haikuwa ile ya mtu mwenye ndevu na upanga. Ilikuwa ya mama mzee anayeongea mbele ya wanaume na hajui pa kuangalia. "Utanisamehe sana. Swali ni la Mama Keza."

Mjomba alimtazama, akanitazama, akafunga mdomo.

Nikasema: "Keza haendi."

Wakasubiri. Kaka mkubwa aliinamisha kichwa upande, kwa upole, akingoja sehemu iliyobaki. Nilikuwa na sababu mdomoni zimejazana kama watu mpakani asubuhi, zinasukumana, na niliuma meno. Baba Keza aliangalia viatu vyake.

"Haendi juu ya nini?" kaka mkubwa akauliza.

Sikujibu. Mwenye Nyumba hakujibu. Mjomba, Mungu ambariki, hakujibu. Nilisikia watu wa chumba cha tatu wakimimina maji, nikasikia lori likipanda kuelekea Goma. Kaka mkubwa akaanza kueleza. Akaeleza kwamba hawakumaanisha kwa nguvu, akaeleza kuhusu ukoo, akaeleza kwamba hata mwaka ujao si mbaya, na kila alipomaliza hakuna aliyempokea, kwa hiyo alilazimika kuanza tena. Hatimaye naye akaisha.

Ndipo mama yao akaweka kapu chini. Sikuwa nimesikia sauti yake hata siku moja. Aliongea na mimi moja kwa moja, Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi.

"Bon. Mi nitamuonaka wapi?"

Mwanawe mkubwa akamwambia, mama, ngoja kwanza tumalize.

"Sikukuuliza we," akamwambia, na hakumwangalia.

Hilo swali hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nikamwambia kwamba siku anazoshuka na viazi sokoni apitie saluni, Keza akitoka shule anakuja pale. Akauliza kama kuna pa kukaa. Nikamwambia kuna benchi. Akaitikia kwa kichwa, akafikiri, akauliza kama mtoto anapenda viazi vya kuchoma au vya kuchemsha, ili ajue alete vipi.

Najua jibu. Ningeweza kulisema. Badala yake nikaenda mlangoni nikamwita Keza aingie, nikamwambia bibi yake ana swali. Akaingia na kamba yake ya kuruka, magoti yana vumbi jeusi, akatuangalia mmoja mmoja. Mwenye Nyumba akasogea kwenye kochi ili mtoto apate pa kukaa, na sisi wote, hata yule kaka mkubwa, tukanyamaza tusikie atasema nini.